Anatole Etabo, Aliyefundisha Watu Kusikilizana (1922–1959)

Ndugu wa Baraka, nanyi mliotelemka kutoka Fizi na Kilembwe, na ninyi mliofika kwa barabara ya Mboko: huyu tuliyemleta hapa leo, Jumatano tarehe 19 Agosti 1959, ni Anatole Etabo, mwana wa Lubunga, mume wa Émilienne, mwalimu katika chuo kikuu cha mji mkuu. Maneno haya yanasomwa na mdogo wake Fabien. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemtaka ayasome, tena ayasome yote, hata yale ambayo ukoo ungependa yanyamaziwe.

Anatole alizaliwa Kilembwe tarehe 12 Mei 1922, mtoto wa kwanza wa mzee Lubunga na mama Adolphine, ambao wote wawili wamemtangulia. Alikuwa mtoto mwenye hasira za haraka. Mama yao alikuwa akisema kwamba huyu alijua kupiga kabla ya kujua kutembea. Alibatizwa Fizi, na mwaka 1931 akapelekwa shule ya misheni, Baraka, ambako alijifunza kusoma, kuhesabu na kusema Kifaransa. Kifaransa hicho ndicho kilichomletea jeraha la kwanza.

Mwaka 1936 alikuwa nyumbani Kilembwe, likizo, wakati mkaguzi wa pamba, zao lililolimwa kwa amri ya serikali, alipofika na askari wake. Shamba la mzee Lubunga lilikuwa limejaa majani. Mkaguzi aliuliza kwa Kifaransa kwa nini, na karani wake, Casimir, akauliza kwa Kiswahili. Mzee alijibu kwa Kibembe, maana ndiyo lugha aliyokuwa nayo kinywani siku ile ya hofu. Alisema shamba limemshinda kwa kuwa mke wake ni mgonjwa. Casimir akamgeukia mkaguzi na kusema: mtu huyu anakataa pamba, anasema si kazi yake.

Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni Anatole peke yake aliyezisikia lugha zote tatu. Alijua kwamba maneno yamegeuzwa. Alifungua kinywa, akaona bunduki za askari, akakifunga. Baba yake alilazwa chini, akachapwa fimbo ya ngozi ya kiboko mpaka mgongo ukafunguka. Vidonda vilioza. Mzee Lubunga alifariki kabla mvua hazijaisha.

Mvulana yule alirudi shuleni akiwa na jambo moja tu moyoni. Alilibeba miaka mitano. Mwezi wa Septemba 1941 alimkuta Casimir katika soko la Fizi, akinunua mihogo, akamrukia bila salamu. Alimvunja taya. Waliomshika wanasema hata baada ya yule karani kuanguka aliendelea kumpiga na jiwe. Alifungwa buloko kule Uvira, miaka miwili, akachapwa kila ilipoonekana hakuinamisha macho. Makovu aliyarudisha nyumbani na hasira nazo hazikupungua. Hayo Fabien aliyaona kwa macho yake, kwa kuwa katika mwaka ule wa kutoka buloko wao wawili waliishi chumba kimoja, na alijifunza kulala karibu na mlango.

Misheni ilimpokea tena mwaka 1944, akasomea kazi ya monitere, mwalimu wa shule ndogo, na mwaka 1947 akaanza kufundisha Fizi. Hapo ndipo maisha yake yalipopinda. Casimir naye alikuwa amehamia Fizi. Hakuwa tena mkalimani, maana kwa taya lile hakuna aliyemwelewa. Alikuwa akishona nguo kwenye kibaraza kilichotazamana na shule. Miaka miwili walipishana bila neno. Siku moja mwaka 1949 Anatole alivuka barabara. Aliwahi kumwambia Fabien kwamba hakujua kama anakwenda kuomba radhi au kummaliza.

Alimwuliza Casimir, "Kwa nini ulimusemea baba yangu uongo?"

Casimir alichukua muda mrefu kujibu, kwa sababu ya taya, na Anatole alilazimika kuinama ili asikie.

"Haikuwa uongo. Mi sikujua Kibembe muzuri. Baba yako alisema neno moja, sikulisikia. Niliona haya kuuliza mbele ya muzungu. Nikatia langu."

Hakuna zaidi. Mtu mmoja aliona haya kuuliza, mwingine akafa, wa tatu akavunjwa taya. Anatole alikaa kwenye kibaraza kile mpaka watoto wa shule wakaja kumtafuta. Tangu siku hiyo alianza kuwauliza watu jambo ambalo hakuna aliyemwuliza mwingine: pale ugomvi wenu ulipoanza, ni neno gani lilisemwa, na mwenzako alisikia nini? Aliuliza sokoni, barazani kwa chifu, mitumbwini. Wengi walimdhani amerukwa na akili huko buloko.

Tarehe 15 Aprili 1950, hapa Baraka, alifunga ndoa na Émilienne, binti wa mama Pulchérie. Siku ya kujitambulisha, mama Pulchérie alizungumza naye muda mrefu, na kila alipomaliza, Anatole alikaa kimya kwanza kabla ya kujibu. Yule mama akamvuta binti yake jikoni.

"Mutoto wangu, huyu bwana iko kiziwi?"

"Hapana, mama. Anangoja umalize."

"Nilimaliza zamani."

Mpaka leo mama Pulchérie anasimulia hilo na kucheka, na juzi alilisimulia huku analia.

Mwaka 1952 profesa mmoja Mbelgiji alikuja Fizi kuchunguza jinsi watu wanavyozungumza barazani, akamchukua Anatole awe mkalimani. Baada ya wiki chache ni profesa aliyekuwa akiuliza na monitere aliyekuwa akifundisha. Profesa alimwombea nafasi, na mwaka 1954 Anatole, mtu mzima mwenye watoto wawili, akaingia chuo kikuu. Alimaliza masomo, na tarehe 1 Oktoba 1957 akateuliwa msaidizi wa mafunzo. Somo lake lilikuwa mazungumzo ya mtu na mtu: jinsi watu wawili wanavyoelewana, na jinsi wanavyokosa kuelewana. Darasani aliwakalisha wanafunzi wawili wawili. Mmoja alieleza jambo linalomuuma. Mwenzake hakuruhusiwa kujibu mpaka ayarudie maneno yale na msemaji akubali kwamba ndiyo aliyosema. Kijana mmoja Mbelgiji alisimama akasema hawezi kufundishwa kusema na mtu mweusi. Anatole alimngoja, kisha akasema: "Unasema huwezi kufundishwa kusema na mtu mweusi. Nimesikia sawa?" Kijana akasema ndiyo. "Basi zoezi umelifanya vizuri. Keti, sasa ni zamu ya mwenzako." Kijana aliketi, na hakukosa somo hata moja mwaka ule.

Jumapili tarehe 4 Januari 1959 ghasia zilizuka katika mji mkuu. Maduka yalichomwa, risasi zikapigwa barabarani. Anatole alikuwa njiani akitoka kanisani. Aliona mtu akipigwa kwa mnyororo wa baiskeli na watu aliowafahamu, majirani zake, akajaribu kumvuta kutoka chini ya miguu yao. Askari waliofika hawakuuliza nani ni nani. Mmoja alimpiga kitako cha bunduki upande wa kushoto wa kichwa. Sikio lile halikusikia tena. Mwezi wa Machi chuo kilimruhusu kurudi kwetu kuendelea na uchunguzi wake, naye akafika Baraka na mashine ya kunasa sauti, ile ya kuzungusha utepe, ambayo wengi wenu mliiona.

Sasa yanafuata yale aliyotaka yasemwe.

Mwezi wa Juni, wavuvi wawili waliokuwa wakishirikiana wavu, Alphonse na Useni, waligombana ufukoni hapa Baraka kwa sababu ya wavu uliochanika. Walimruhusu Anatole anase maneno yao. Alphonse ana kigugumizi, na hasira humzidishia. Useni alimwita mwizi. Alphonse alijitahidi kujibu: "Mi si... mi si... mi si mwizi." Walipoisikia ile sauti yao wenyewe, wote wawili walipeana mikono. Anatole alirudi nyumbani akiimba. Alimwambia Émilienne kwamba kazi ya miaka kumi imezaa.

Julai alichukua mashine mpaka soko la Mboko. Alitaka kuwaonyesha watu jinsi ugomvi unavyoweza kumalizika. Hakumwomba Alphonse ruhusa ya pili. Umati haukusikia upatanisho, ulisikia kigugumizi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wakaomba warudishiwe mahali pale. Anatole alirudisha utepe, na yeye mwenyewe akacheka. Jioni ile ile watoto wa Mboko walikuwa wakiimba "misimisi", na siku ya pili Baraka nzima ilimwita Alphonse Misimisi. Mitumbwini walimwita hivyo. Mchumba wake alirudisha kitenge alichompa.

Jumanne tarehe 4 Agosti, asubuhi, mitumbwi ilipofika na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, Useni alimwita Alphonse kwa jina lile, kwa mzaha, mbele ya bamama waliokuja kununua. Alphonse alitwaa kafi. Alimpiga Useni begani, mfupa ukalia. Watu wa mtumbwi wa Useni wakamrukia na mapanga ya kusafishia samaki. Damu ilishaanza kumwagika mchangani Anatole alipofika mbio. Alijiweka katikati, akamgeukia Useni, akawa anamwomba yeye na wenzake washushe mapanga. Alphonse alikuja kutoka kushoto kwake. Bamama walipiga kelele, lakini upande ule hakuwa na sikio. Kafi iliyokusudiwa kumpiga Useni ilimpasua fuvu.

Alphonse hakukimbia. Alikaa chini akiwa bado ameshika kafi. Vijana wa ukoo wetu walimvunja mkono wa kulia kabla polisi hawajamchukua, na kesho yake wakaichoma nyumba ya mama yake, Anastasie, na vyote vilivyokuwamo.

Anatole alilazwa hospitalini. Siku za kwanza hakujua mtu. Kisha akili ikamrudia, ingawa miguu haikurudi, na Fabien alimpasha habari ya nyumba iliyochomwa, akidhani itamfariji.

"Mumefanya mubaya," Anatole alisema. "Fabien, usiseme Alphonse ndiye alianza. Mi ndiye nilimupiga wa kwanza. Nilimupiga pale soko ya Mboko, mbele ya bantu."

"Ulimupiga na nini? Haukushika hata fimbo."

"Na sauti yake mwenyewe."

Akaomba Alphonse aletwe. Polisi walikataa mara ya kwanza. Émilienne alikwenda mwenyewe akasimama mlangoni pa bureau ya polisi mpaka wakakubali. Alphonse aliingia mkono umefungwa shingoni, askari nyuma yake. Alisimama kwenye miguu ya kitanda, akaanza kusema, maneno yakakwama. Askari akataka kumsaidia kumalizia. Anatole aliinua kidole kumzuia. Chumba kizima kilingoja. Émilienne anasema hajawahi kuona mtu akipigana vile na kinywa chake.

"Ni... nilitaka Useni," Alphonse alisema mwishowe. "Si we. Lakini... we pia u... ulicheka."

"Unasema nilicheka," Anatole akajibu. "Nimesikia muzuri?"

"Ndiyo."

"Ni kweli. Nilicheka. Nilijua haya inafanya nini ku muntu, na nikakutia haya. Unisamehe, Alphonse."

Alphonse alilia. Hatuwezi kusema alisamehe. Hakusema hivyo, na marehemu alitaka tuseme yaliyosemwa tu. Homa ilipanda siku iliyofuata. Anatole aliaga dunia Jumatatu tarehe 17 Agosti 1959, saa ya misa ya asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Émilienne. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Ameacha mjane, Émilienne. Watoto watatu, Adolphine, Eugène na Henri. Mdogo wake Fabien. Mama mkwe Pulchérie. Wanafunzi wake wa Fizi na wa chuo kikuu. Mama Anastasie, mama wa Alphonse, yuko hapa, nyuma kabisa, amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa mahali. Émilienne anaomba bamama wa mbele wasogee, mama huyu akae kando yake.

Na ninyi vijana wa ukoo, ambao tangu jana mnasema jua halitazama kabla damu ya marehemu haijalipwa: mapanga yenu tumeyaona pale kwenye ua. Kifo cha mzee Lubunga kililipwa, na kaka yetu ndiye aliyelipa, na alichopata ni taya la mtu asiyejua Kibembe. Mapanga yaacheni pale pale. Njooni mchukue majembe, kaburi linangoja kufukiwa.

Anatole Etabo, mwana wa Lubunga, lala kwa utulivu, na Mungu akupe pumziko ambalo sisi hatukukupa.