Mwalimu Hyacinthe Mushagalusa na Masizi ya Mawese

Ndugu, majirani na wanafunzi, amahoro. Mimi ni Chanceline, mdogo wake marehemu. Nitawasomea maisha ya kaka yangu bila kuyapamba, maana yeye mwenyewe asingenivumilia.

Mwalimu Hyacinthe Mushagalusa alizaliwa tarehe 4 Juni 1951 huko Kalundu, Uvira. Mwaka 1958 wazazi walivuka naye ziwa hadi Gatete, akasoma hapo shule ya msingi. Kemia aliisomea Bujumbura, na tangu Septemba 1976 aliifundisha hapa Rumonge. Wengi mliosimama hapa aliwahi kuwapa sifuri.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa Sikuzani, muuza mawese, mtu pekee aliyeweza kumkosoa naye akanyamaza.

Vita na vikwazo vilipofunga njia, metali za maabara, zile za kuharakishia mabadiliko ya kemikali, hazikufika tena. Marehemu alitaka kuonyesha kwamba kaboni peke yake, bila metali yoyote, inaweza kuharakisha réduction, yaani kugeuza kemikali ya manjano kuwa ile isiyo na rangi, ambayo viwandani hutumika kutengeneza dawa ya homa. Alichoma mawese kwenye taa, akakusanya masizi, chembe ndogo mno zisizoonekana hata kwa hadubini ya shule. Manjano ikatoweka! Akaiandikia université, chuo alikosomea Bujumbura, kwa furaha kwamba hapakuwa na metali hata kidogo.

Wiki iliyofuata mkewe alimkuta akikwangua masizi kwenye bati.

“Baba Elda, hii kisu si iko na kutu? Na kutu si chuma?”

Kaka alinuna siku mbili. Siku ya tatu alisimama mbele ya darasa, akasema amekosea, kisha akatuma barua ya pili kufuta ile ya kwanza. Wakati ule niliona aibu, leo najivunia. Akaanza upya, safari hii akiyakinga masizi kwa sahani ya kioo na kuyakwangua kwa unyoya wa kuku.

Januari 1998 ugonjwa wa ini ulimlaza kabla hajamaliza. Tarehe 10 Machi Sikuzani na wanafunzi walilifanya jaribio, wakamletea glasi mbili kitandani. Ile yenye masizi ilikuwa imetakata. Hakuitazama.

“Ile haina masizi iko namna gani?”

“Iko manjano, Baba Elda. Haikugeuka.”

“Basi ni masizi yenyewe, haikuwa kisu. Andika.”

Alifariki kesho yake, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, Sikuzani. Watoto wawili, Elda na Aksanti. Mimi mdogo wake. Na barua ya tatu, aliyoisaini mjane kwa niaba yake. Barabara ikifunguka tena itakwenda Bujumbura. Kaka, ulisema kweli. Mungu akupe pumziko lake.