Mwalimu wa Kilatini Aliyeitwa Kiguu na Njia

Ndugu na marafiki, dada yangu hakuvumilia hotuba ndefu. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Mama alisema mtoto huyu alianza kutembea kabla hajajua kukaa vizuri, ndipo tukamwita Kiguu na Njia.

Alisoma shule tatu za msingi, kwa kuwa baba alihamahama kutafuta wateja, kisha sekondari ya bweni, alikokipenda Kilatini. Alihitimu chuo kikuu mwaka 1974, akaanza kufundisha. Darasani kiti chake kilikuwa cha kuwekea koti. Alizunguka kati ya madawati akiwaimbisha wanafunzi: *amicus*, rafiki wa kiume, *amica*, rafiki wa kike. Nyumbani alihamisha makochi hata wageni wakawa wanakaa kwa wasiwasi.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na shemeji yangu, dereva wa gari la wagonjwa. Walijaliwa mabinti wawili.

Yaliyotokea mwaka 1989 wengi mliyasikia kombo, kwa hiyo nayasema wima. Mwalimu wa hesabu, rafiki yake wa kazini, alikuwa akijifunza Kilatini kwake saa ya chai. Siku ya kuzaliwa kwa dada, akamwandikia ubaoni katika chumba cha walimu: *Salve, amica*. Yaani, salamu, rafiki. Makamu wa mkuu wa shule akaangua kicheko: "Mnajua Warumi walimwita nani *amica*? Hawara!"

Jioni maneno yalishamfikia shemeji. Alimkuta dada anaizunguka meza.

"Keti, mama watoto, unanitia kizunguzungu. Yule ni nani kwako?"

"Rafiki."

"Rafiki tu?"

"Rafiki. Hiyo 'tu' itoe."

Shemeji alinuna siku kadhaa, na dada hakumeza chakula cha maana. Kisha asubuhi moja shemeji akaegesha gari la wagonjwa mbele ya shule. Walimu wakadhani kuna mtu kaanguka. Akaingia, akamnyooshea mwalimu wa hesabu mkono.

"*Salve*, amiche!"

Dada aligeuka kutoka dirishani. "Amike! Ukimwita mwanamume ni amike. Hiyo 'che' ni matamshi ya kanisani!"

"Che au ke, mimi namsalimia rafiki wa mke wangu."

Mwalimu wa hesabu alicheka, halafu akalia. Uvumi ukakatika, lakini dada hakutulia tena pale. Mwaka uliofuata alihama, na akahama tena na tena hadi alipostaafu mwaka 2011.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Daktari alimwamuru alale. Akalala, ikawa kitanda ndicho kinachohama: leo dirishani, kesho mlangoni. Waliokisukuma ni shemeji na mwalimu wa hesabu, wakigombania nani ameshika upande mzito. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameomba apelekwe barazani.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na rafiki yake, ambaye shemeji ameagiza akae mstari huu wa mbele pamoja na familia.

Mungu ampe pumziko. Sisi tulimwambia "keti" miaka sabini na mitatu, hakusikia.