Shati la Clarrie na Barabara Iliyolainishwa

Hapa njiapanda ya Dingo Mbili umeme haujafika na wala hatuusubiri. Nguo tunafulia pikapu. Unachukua pipa la mfuniko wa kukaza, unatia maji, sabuni na nguo, unalifunga nyuma, unaendesha. Barabara yetu ilikuwa na vijituta kama bati la paa, ukifika kwa jirani nguo zimetakata. Jumatatu greda likapita, likailainisha yote. Ndiyo maana Clarrie, fundi wa seng'enge, alifika kwenye benchi letu pale pampu ya mafuta amenuna, ameshika shati lake jeupe la pekee, limelowa chapachapa na grisi iko vile vile. Kesho yake ni mbio za farasi, na huko alipanga kumwambia Noreen, mpishi wa ranchi, kwamba anataka kumwoa. Dot mwenye pampu alimmiminia kahawa bila kuulizwa.

— Nimeenda mpaka kwa jirani yetu Haddon na kurudi, alisema Clarrie. Maji hata hayakutikisika.

— Si wewe uliyekuwa unailaani barabara hiyo kila siku? nilimuuliza.

— Nilikuwa naitania tu, bwana.

Yule tunayemwita Kimya, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kunyamaza, akasogea.

— Pita kwenye mto mkavu. Mawe ya kule yanafua mpaka dhambi.

— Na pikapu niiache huko huko?

— Basi mfunge ngamia pipa mgongoni. Wa porini wapo kibao, kamata mmoja.

— Acha kutupiga kamba, alisema Dot. Juzi tu umeshindwa kukamata kuku wangu.

— Kuku wako ana roho mbaya, Dot. Ngamia ni mtu wa watu.

Mimi nikasema pipa lifungwe kwenye kinu cha upepo pale kisimani. Wakanicheka, maana upepo ulituhama tangu wiki iliyopita. Akabaki Mrefu, anayenifika kiunoni.

— Tuchukue masururu, alisema. Tuirudishe barabara ilivyokuwa.

Aibu yangu ni kwamba niliona ana akili. Sote tukainuka. Tulikuwa tunagombania sururu la Dot wakati gari la ranchi liliposimama, akashuka Noreen kununua unga.

— We Clarrie, hata Krismasi huvai shati. Hilo la nini?

Clarrie alinitazama, nami nikalitazama sururu. Kimya naye akajificha nyuma ya pampu. Basi Clarrie akalivaa shati lile lile, povu linamchuruzika mpaka kwenye buti, akakosea vifungo vyote.

— La kukuambia nataka kukuoa.

Noreen alilikagua kuanzia kola mpaka chini, taratibu. Nikajikuta nimevua kofia utadhani ni mimi ninayeposa.

— Sawa, alisema. Ila nguo zangu nitafua mwenyewe.