Mkole wa Mzee Mwinyimadi

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni Mzee Mwinyimadi Yahya. Mimi ni Seif, mwanawe wa kwanza, nitasoma wasifu wake kadiri sauti itakavyoniruhusu.

Marehemu alizaliwa Msimbu, Kisarawe, tarehe 4 Juni 1951, mtoto wa pili wa Mzee Yahya Abdala na Bi Mwamvita. Alisoma Kurani kwa babu yake, kisha shule ya msingi hadi darasa la saba, mwaka 1968. Walimu waliupenda mwandiko wake. Utoro wake hawakuupenda.

Alifanya vibarua Mlandizi hadi mwaka 1976, alipomwoa Bi Zuleha wa hapa Mzenga. Mkwewe akawapa shamba kando ya Ruvu. Wakati huo mto ulikuwa hauonekani kwa wingi wa miti: mikongo, mizambarau, mikuyu, na katikati yake mkole, mti wetu wa unyago, ambao mama alipelekwa chini yake siku alipotolewa mwali, na baada yake dada yangu Firdausi.

Baba alikuwa mkulima hodari. Bamia na nyanya zake zilikwenda Dar, zikatusomesha sote. Mwaka 2003 alisafisha shamba hadi kwenye maji. Alirudi jioni amechoka, furaha tele.

"Mama Seif, nimekuachia mikuyu yote. Msitu wenu upo."

"Na mkole?"

"Mkole upi? Kile kichaka?"

Mama alimtengea chakula, akaenda kulala. Maskini baba, alijua ameacha msitu, kumbe ameacha mikuyu peke yake. Majirani nao walisafisha hivyo hivyo, kila mmoja akibakiza miti mikubwa ya kivuli na kufyeka iliyobaki. Ukingo ukaanza kumeguka kila masika.

Mwaka jana ilifika zamu ya mjukuu wake Naila kutolewa mwali. Mama, ambaye kwa miaka ishirini na kitu hakuwa ameligusa jambo la mkole, alimuuliza tu, "Tutampeleka wapi?" Baba, na uzee ule, alizunguka ukingo mzima kwa baiskeli. Mkole hakuna. Akavuka hadi Kwala, Bwana Abdulwahab akampa mche mmoja. Aliupanda pale pale ulipokuwa ule wa zamani, akaumwagilia kwa mkono wake, huku akimtania Naila: "Kua polepole, bibi, umsubiri mwenzio."

Mwezi Mei alipata kiharusi, hakufika tena mtoni. Kila siku aliuliza, "Umechipua?" Alfajiri ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, mama akamwinamia akamwambia, "Umechipua, Baba Seif. Una majani mapya." Alitabasamu, akatamka shahada, akatutoka.

Mama ameniruhusu niseme kweli. Mche ule ulikauka tangu Julai, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Inauma, ndugu zangu. Inauma sana.

Ameacha mjane, watoto watatu, yaani mimi, Firdausi na Yassin, wajukuu saba, na ukingo mtupu. Naila bado hajatolewa. Mama anasema watangoja. Kwa hiyo, ndugu wa Mzenga, Msimbu na Kwala, mwenye mkole kwake, rambirambi yake iwe mbegu.

Mwenyezi Mungu ampumzishe baba yetu kwa rehema zake. Amin.