Mwalimu Gregory Makoye na Neno Lisilokwisha

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kalangalala na nyote mliosafiri tangu jana kutoka Shinyanga, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Habari hizi za maisha ya Mwalimu Gregory Makoye zimeandikwa na binti yake Bernadina, na ndiye anayezisoma. Zile zilizochapwa kwenye ratiba mliyoshika aliziandika Alhamisi jioni. Hizi ameziongeza jana, kwa sababu jana alisikia jambo ambalo Alhamisi hakulijua. Mwalimu alifundisha kwamba anayeandika habari za mtu ajitaje kwa jina kama anavyowataja wengine, naye Bernadina amechoka mno, hawezi kuanza kubishana naye leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1924 karibu na Mwakitolyo, Shinyanga, mtoto wa nne wa mzee Makoye Lushinge na mama Holo. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipotimiza miaka kumi. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba ng'ombe ndio waliomfundisha kusubiri, na watoto wake wanashuhudia kwamba somo hilo alilifaulu kuliko mengine yote.

Alianza shule ya misheni mwaka 1934, akabatizwa Gregory mwaka uliofuata, na mwaka 1944 akahitimu ualimu. Alipangiwa kwanza Shinyanga. Tarehe 6 Mei 1950 alifunga ndoa na Euphrasia, binti wa mkulima wa pamba, ambaye hakuwahi kusoma lakini aliweza kukadiria uzito wa gunia kwa kulitazama tu. Walijaliwa watoto watatu: Donatus mwaka 1951, Bernadina mwaka 1953 na Generosa mwaka 1957. Mwaka huo wa 1957 alihamishiwa shule ya kati hapa Geita, na hapa ndipo lilipomkuta lile neno.

Wengi mnajua kisa chenyewe, ila wageni hawakijui. Mwaka 1959 alikuwa na mwanafunzi aitwaye Bhoke, binti wa askari polisi kutoka Musoma. Siku moja Bhoke aliandika katika insha ya Kiingereza kwamba gauni lake jipya lilipofuliwa "lilikimbia", akitumia neno "run". Mwalimu alimchapa fimbo tatu za mkono. "Gauni halina miguu," alimwambia mbele ya wenzake, na darasa zima likacheka.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikwenda dukani kwa Bwana Mansukhlal kununua kitambaa cha pazia. Alimkuta akizungumza na Mzungu mmoja wa mgodini, akimhakikishia kwa Kiingereza kwamba kitambaa hiki hakitafanya "run". Mwalimu alimsubiri Mzungu aondoke, kisha akauliza. Bwana Mansukhlal akamwambia, "Rangi haichuji, Mwalimu. Ndivyo wanavyosema, wote." Mwalimu alitoka mle dukani bila pazia.

Jumatatu yake alisimama mbele ya darasa akasema, "Bhoke, nilikukosea. Wewe ulijua, mimi sikujua." Akampa fimbo na kunyoosha mkono wake. Bhoke alimgusa kidogo tu na ile fimbo, halafu akaangua kilio. Wazazi wengine walinung'unika kwamba Mwalimu amejishusha. Yeye aliwajibu kwamba kama kujishusha ndiko huko, amechelewa miaka kumi na mitano.

Siku hiyo alinunua kaunta buku ya kwanza. Alikata shauri kukusanya maana zote za neno lile moja, kila moja na jina lake la Kiswahili, ili mtoto mwingine asichapwe kwa kosa la mwalimu wake. Maji hutiririka, rangi huchuja, duka huendeshwa, mafua hutiririsha kamasi, mtu hugombea udiwani, basi hufanya safari zake, sukari huisha dukani, na kwa yote hayo Mwingereza hutumia neno lile lile. Mwalimu alilihurumia. Alisema ni kama kibarua mmoja aliyebebeshwa mizigo ya kijiji kizima, ilhali kwetu kila mzigo una mchukuzi wake.

Utaratibu wake ulikuwa mkali. Hakunakili kitu kutoka katika kamusi. Kila maana ilibidi aisikie mwenyewe kutoka mdomoni mwa mtu aliyekuwa akiitumia kweli, kisha aandike jina la mtu huyo, mahali na tarehe, na amsomee maandishi yake mpaka akubali. Kwa ajili hiyo alimfuata fundi wa pampu mgodini siku tatu mfululizo, akapanda lori la pamba hadi Shinyanga kumsikiliza karani wa chama cha ushirika, na alisimama nje ya uzio wa klabu ya Wazungu akiandika kupitia tundu la ua mpaka mlinzi akamfukuza. Hata mgodi ulipofungwa na Wazungu wakaondoka hakukata tamaa. Hata Kiswahili kiliposhika nafasi ya Kiingereza katika shule za msingi, na wenzake wakamuuliza anamkusanyia nani, aliendelea. Mama Euphrasia alimwambia, "Baba Donatus, wenzako wana mashamba ya pamba. Wewe una shamba la neno moja." Mwalimu akajibu kwamba angalau hilo halivamiwi na panzi.

Mwaka 1977 aliambiwa hospitalini kwamba ana presha ya macho. Alistaafu Juni 1979 akiwa anaona kama mtu anayechungulia bombani. Kufika Agosti 1980 alikuwa haoni kabisa.

Bernadina wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Shinyanga, akipenda kazi yake. Alikuwa amechumbiwa na Eustace, fundi seremala wa Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo, na wazee wa pande zote mbili walikwisha kupanga harusi baada ya Pasaka ya mwaka 1981. Mwezi wa Desemba baba yake alimwita akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, niazime macho yako mpaka neno liishe. Likiisha tu, utakwenda kwa mumeo na mimi nitakubariki." Bernadina aliuliza litachukua muda gani. Mwalimu alisema miezi sita, labda minane. Basi Bernadina akaacha kazi Januari, akaja Geita na sanduku moja.

Miezi minane ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Kila siku alimshika baba yake mkono wakaenda sokoni, stendi, dukani, kanisani, wakimsubiri mtu ajuaye Kiingereza afungue kinywa. Asubuhi waliandika, mchana alisoma yaliyoandikwa, jioni alirekebisha. Katikati ya mwaka 1982 maana mpya zilikuwa zimekauka, naye akaanza kufua nguo zake za kwendea Buseresere. Halafu ghafla zikamiminika. Watu walikuja hapa nyumbani wenyewe, wengine ambao hakuwahi kuwasikia wakisema Kiingereza hata cha kuombea maji. Mmoja alileta maana inayohusu mbuzi aliyekataa kukamuliwa. Bernadina aliandika yote, na jina, na mahali, na tarehe.

Novemba 1983 Eustace alikuja mwenyewe na kukaa sebuleni. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba. Yeye si msemaji. Bernadina ndiye aliyeuliza.

"Baba, zimebaki ngapi?"

"Chache, mayu. Chache sana."

"Nitajie idadi. Tano? Kumi?"

"Neno si ng'ombe, ukalihesabu zizini. Nipe mpaka mavuno."

Eustace alitazama mikono yake, akasema, "Nimekwisha kutengeneza kitanda, Mwalimu. Mwaka wa tatu huu kimesimama."

"Mpaka mavuno, mwanangu," alisema Mwalimu.

Mavuno yalipita. Eustace alifunga ndoa na mwingine Septemba 1984, na hakuna anayemlaumu. Yuko hapa leo na mkewe, na jeneza hili ni kazi ya mikono yake, aliyoifanya bila kuombwa. Ahsante, Eustace.

Tarehe 11 Juni mwaka huu Mwalimu alipatwa na kiharusi kilichochukua upande wake wa kulia na kauli yake. Kwa miezi miwili hakuweza kusema lolote. Alikuwa akimshika Bernadina kifundo cha mkono na kukibana, mdomo ukihangaika, machozi yakimtoka. Bernadina alidhani anadai kuandikiwa. Mara nyingi alichukua kalamu akasema, "Nipo, baba, naandika," naye akatikisa kichwa. Baadaye nimonia iliingia. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 14 Agosti 1986, saa kumi jioni, akiwa na miaka sitini na miwili.

Jana alasiri, wakati watu wamekaa kwenye mikeka, Bwana Mansukhlal alikuja na mkewe Dhanbai kutoa pole. Alimwomba Bernadina wakae pembeni, karibu na pipa la maji. Ni mzee sasa.

"Binti, kuna jambo siwezi kukaa nalo baba yako akienda chini," alisema. "Mwaka wa themanini na mbili, mwezi wa nane, Mwalimu alikuja dukani na fimbo yake, peke yake, akipapasa. Akaniambia, 'Mansukh, neno limekwisha. Miezi mitatu sijasikia jipya. Lakini nikimwambia binti atakwenda, na mimi nitabaki gizani na nani?' Akaomba nimtafutie watu waje kusema chochote. Mimi nikatafuta. Wengine hawakuwa na la kusema, nikawatungia."

"Ulitunga ngapi, mzee?"

"Kama ishirini."

"Na ile ya mbuzi?"

"Ya mbuzi ni yangu," alisema Bwana Mansukhlal, akafunika uso.

Bernadina alicheka. Alicheka kwa sauti, msibani, mpaka akina mama wakaja wakamshika mabega wakidhani majonzi yamempanda kichwani. Kisha akalia kilio ambacho hakukilia Alhamisi. Alipoweza kusimama alikwenda kwa mama yake akamweleza yote, neno kwa neno, kama alivyoambiwa. Mama Euphrasia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alisema atabaki na nani?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwepo," alisema Mama Euphrasia.

Donatus alishauri madaftari yazikwe pamoja na baba. Bernadina amekataa. Ndani mna watu karibu tisini waliosema kweli, wengi wao ni marehemu sasa, na hawakuandikwa mahali pengine popote. Madaftari yatapelekwa shuleni.

Kwa desturi yetu, kabla ya kwenda kaburini familia husimama na kuwaomba waombolezaji kwamba kama marehemu alimkosea mtu, mtu huyo amsamehe. Tunawaomba hivyo. Bhoke, ambaye leo ni mama wa watoto sita na amekuja kutoka Musoma, amekwisha kusema kwamba yeye alisamehe zamani. Walioleta maana za uongo kwa sababu mzee kipofu aliwasihi, nao tumewasamehe, pamoja na Bwana Mansukhlal. Kuhusu Bernadina, yeye amemsamehe baba yake kwa kuogopa giza, kwa sababu giza lile alilikalia naye miaka mitano na anajua lilivyokuwa. Kwa ule uongo bado hajaweza. Anajaribu, na anaomba asiharakishwe.

Mwalimu alikuwa mtu mwema. Hilo halifutwi na yaliyosemwa hapa, na yaliyosemwa hapa hayafutwi na hilo. Wanafunzi wake wamejaa uwanja huu. Yaliyomtokea mwishoni yangeweza kumtokea yeyote kati yetu ambaye angeamka siku moja asione mlango uko wapi.

Marehemu ameacha mjane, Euphrasia, aliyekuwa naye miaka thelathini na sita, usiku na mchana, kwenye mwanga na gizani. Ameacha mtoto wa kiume, Donatus, wa kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga, na mkewe; binti, Generosa wa Kahama, na mumewe; wajukuu tisa; na dada yake mmoja huko Mwakitolyo. Ameacha pia binti mwingine, Bernadina, wa miaka thelathini na mitatu, asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na kazi, ajuaye maana mia moja na kumi na nne za neno moja la Kiingereza, ishirini kati yake za uongo. Jumanne atapanda basi la asubuhi kwenda Shinyanga kuomba arudishiwe darasa. Mama Euphrasia amekubali kwenda naye. Majirani wapendwa, tunawashukuru kwa yote, ila tunawasihi mtu yeyote asimwombe abaki.

Baba, lala sasa. Kazi imekwisha. Mungu akupe pumziko, na sisi uliotuacha atupe letu.