Jina la Pili Kwenye Karatasi ya Kanisa

Jumapili tarehe 24 Oktoba 2004 mvua ilinyesha Tottenham tangu alfajiri. Dada yangu, marehemu Noëlla Furaha, aliagiza wasifu wake uanzie siku hiyo, na usomwe mbele ya kanisa hili hili.

Alizaliwa Uvira tarehe 3 Mei 1951. Alisoma shule ya misheni hapo Uvira, kisha miaka miwili ya sekondari Bukavu. Mwaka 1976 aliolewa na Déogratias Byamungu, wakajaliwa Aristote na Myriam. Mumewe aliuawa vitani Oktoba 1996. Marehemu alifika London tarehe 9 Februari 1998 kuomba hifadhi. Alihudumia wazee Edmonton miaka tisa. Bibi mmoja, Lila, alikataa chai ya mtu mwingine yeyote.

Jumapili ile kanisa lilikusanya saini. Sheria ya kuwatambua wapenzi wa jinsia moja ilikuwa Bungeni, nasi tuliomba ipigiwe kura ya maoni, wananchi wote waamue. Kama kawaida ya orodha zetu, mkubwa wa nyumba aliandika nyumba nzima. Marehemu aliandika majina matatu. La pili lilikuwa la Aristote, aliyeishi Hounslow na mwenzi wake Ramesh.

Myriam alimweleza kaka yake. Jioni Aristote akampigia mama yake simu.

“Mama, majirani wapige kura kama naweza kukaa na Ramesh?”

“Niliandika nyumba yote, sawa vile tunaandikaka.”

“Basi mimi si wa nyumba hiyo.”

Hakurudi kwa zaidi ya miaka mitatu.

Marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini Juni 2007. Aristote alifika hospitalini tarehe 10 Machi 2008. Mama yake hakuweza tena kusema. Alifariki Jumatano tarehe 12, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha watoto wake Aristote na Myriam. Ramesh, ambaye marehemu aliagiza atajwe kwa jina. Na mimi mdogo wake, Kizito.

Kesho yake baada ya simu ile, Jumatatu asubuhi, marehemu alikuja hapa na kalamu yake kufuta jina. Mchungaji wa wakati huo alimwambia karatasi zimeshapelekwa posta.

“Unataka kufuta ao kutubu, Mama Aristote?”

“Vyote viwili, Mchungaji. Nipe karatasi.”

Aliandika: “Aristote hakutia saini. Ni mimi mama yake nilimuandika bila kumuuliza.” Akatia saini, akaiacha mezani, akapanda basi kwenda kazini.

Karatasi hiyo haikutumwa kokote; ilibaki hapa kanisani. Leo imesomwa. Sasa apumzike.