Chumba cha Beryl Bado Kina Joto

Asubuhi ya kipupwe cha Julai mjini Ballarat haina huruma na mtu. Benchi la mbele ya duka la mikate limeota barafu, lakini wazee watatu wamelikalia vilevile, kila mmoja kakumbatia kikombe chake cha kahawa. Kushoto ni Kipande, fundi bomba mstaafu, mfupi. Kulia ni Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote. Katikati ni Des, koti limemfika masikioni, na leo moyo wake mzito.

— Kile chumba bado kinajipasha joto? Kipande akauliza.

— Kila alfajiri, Des akasema. Nyumba nzima nimeizimia joto, kasoro jikoni. Lakini ikifika saa kumi na moja, matundu ya sakafuni chumbani kwa Beryl yanaanza kupumua hewa ya moto.

— Mkeo si katutoka Machi, jamani! Kipande akasema.

— Kile kidude cha ukutani kinachoongoza joto kilijifunza nyendo zake. Vidole vilikuwa vinamuuma, akawa anashona kwenye joto. Hakuna aliyekiambia kwamba hayupo.

— Wapi! Hilo ni joto la jikoni linatoroka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa gani, Kipande? Profesa akadakia. Hao ni watu wa kampuni, wanatusikiliza. Changu nimekivalisha soksi ya sufu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

— Soksi? Si kitadhani nyumba ina joto, kizime? Des akauliza.

— Ndiyo maana nalala na koti.

Kipande akacheka, kisha akashusha sauti.

— Au ni Beryl mwenyewe, bwana. Karudi kumalizia lile blanketi alilokuwa anashona.

Des akakiweka kikombe chini.

— Mwanangu Craig anakifuta hicho chumba kwenye kidude leo jioni, akasema. Yuko mbali huko Brisbane, anafutia kwenye simu yake. Ati napasha joto hewa tupu.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Profesa akamfariji.

Mama mmoja mgeni mtaani, aliyekuwa amesimama na mbwa wake akingoja mkate utoke, akageuka.

— Samahani, wazee wangu. Hicho chumba sasa hivi kina joto?

— Kina joto, mama, Des akajibu. Mpaka saa tatu.

— Na wewe midomo imekuwa ya buluu. Mbona hukai humo?

Kipande akachungulia kikombe chake. Profesa akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

Des akatoa simu, akatazama: chumba cha Beryl, nyuzi ishirini na mbili. Jioni kingefutwa, na tangu Machi hajaugusa mlango ule hata mara moja. Akairudisha simu mfukoni, akainuka, si kwenda nyumbani bali kununua kahawa nyingine.